Masika Yameingia, Ngoma Imelegea: Usikimbilie Ngozi Mpya

Kuanzia Machi hadi Mei, wateja wengi wanaotupigia simu husema neno moja: ngoma haina mlio, tuibadilishieni ngozi. Mara nyingi ngozi haina kosa. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe hunywa unyevu wa hewa, na hapa Dar es Salaam wakati wa masika hewa imejaa maji hata siku isiyonyesha. Ikinywa hutanuka, ikitanuka hulegea, na sauti inashuka.

Ipime kwanza. Iache ngoma ndani, mahali penye upepo, siku nzima. Kisha igonge kwa kidole ukizunguka ukingo wote. Mlio ukirudi hata kidogo, ngozi ni nzima. Upande mmoja ukilia juu na mwingine chini, inataka kukazwa tu. Ya kubadilisha utaijua: imeanza kuchanika kwenye matundu ya vigingi vinavyoishikilia, inanuka uozo, au imelika katikati mpaka ukiielekeza kwenye mwanga unaona sehemu nyembamba.

Kuiotesha moto ni sawa, ila watu wengi huiunguza hapo. Ngozi yenye maji mengi hujikunyata moja kwa moja joto lake likifika nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na ikishajikunyata inakakamaa, haina dawa. Kwa hiyo ikauke kwanza kwa upepo. Washa makuti au karatasi, iweke ngoma umbali wa mkono mmoja, izungushe bila kusimama, na kila baada ya muda mfupi gusa ngozi kwa kiganja. Kiganja kisipostahimili, iondoe. Ngoma yenye ngozi ya plastiki isiote moto kabisa. Hiyo hailegezwi na unyevu, kaza nati zake.

Kwenye tumba, ngoma ndefu ya mikono yenye nati, kaza kila nati robo mzunguko, ukiruka kwenda inayoikabili. Ukikaza upande mmoja wote kabla ya kwenda mwingine, pete inayoshika ngozi itakaa mshazari na ngozi itachanika pale ilipovutwa zaidi. Baada ya shughuli zilegeze, hasa kama tumba inalala ndani ya gari: jua la mchana hukausha ngozi iliyokazwa mpaka ikapasuka yenyewe, bila mtu kuigusa.

Ikibidi kuwamba upya, ngozi ifuate kazi ya ngoma. Vumi, ngoma kubwa ya mlio mzito, inataka ngozi nene ya ng'ombe. Ukiiwekea ya mbuzi inakosa kishindo. Chapuo ni ndogo na hupigwa harakaharaka, ngozi nyembamba ya mbuzi ndiyo inayojibu upesi. Muheme, ambayo wanawake wa Kigogo huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, nayo isiwekewe ngozi nzito. Unapopiga, vua pete za vidoleni. Na ngoma ya mikono isipigwe kwa fimbo.

Ngozi isiwe ile iliyotengenezwa kwa viatu, maana hiyo hailii. Ya mbuzi hulowekwa usiku mmoja, ya ng'ombe siku nzima au zaidi, katika maji ya baridi. Mdomo wa sentimita 30 unataka ngozi ya sentimita 50, ili kila upande ubaki na sentimita 10 za kuvutia. Mstari wa uti wa mgongo upite katikati, unene ulingane kushoto na kulia. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Kwenye kazi hii, ukivuta kwako mara moja, vuta na upande wa pili mara moja. Usiivute hadi mwisho ingali mbichi, kwani itajikaza yenyewe ikikauka.

Kukauka ni kivulini, siku 3 au zaidi wakati wa masika. Kwa hiyo ngoma ya mdundiko wa Jumamosi itufikie Jumatatu. Ikija Alhamisi tutaikaza, lakini hatutaiwamba upya, kwa sababu ngozi iliyoharakishwa juani hung'oa vigingi.