Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi na Hifadhi ya Jamii: rika la mzee nalo ni ushahidi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Laisamis, Kaunti ya Marsabit, kuhusu pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee na wasiojiweza fedha za kujikimu. Kwamba shilingi 2,000 kwa mwezi hazitoshi, wengine watakueleza. Mimi nawasemea wasiozipata kabisa. Ukiwafuatilia hukuti mtu aliyewanyima. Mashine imekataa, na hakuna aliyepewa mamlaka ya kuibishia.

Tuanze na umri. Tangu 2018 Mkenya wa miaka 70 kwenda juu asiye na pensheni anastahili, na umri wenyewe husomwa kwenye kitambulisho. Wazee wengi wa Kirendille walizaliwa manyatta, mbali na kliniki na mbali na karani. Mwaka walioandikiwa ni wa kukisia: afisa alimtazama mtu usoni, akajaza fomu. Ndiyo maana unaweza kumkuta bibi mwenye vitukuu ambaye kitambulisho chake kinasema ana miaka 63, na kompyuta inamwambia asubiri.

Kinachoudhi ni kwamba umri wake unajulikana. Warendille hufungua rika jipya, yaani kundi la vijana wanaotahiriwa pamoja, kila miaka 14. Waulize wazee wa Korr au Kargi bibi huyo ni dada wa watu wa rika gani, aliolewa na mtu wa rika gani, na kifungua mimba wake ametahiriwa na rika lipi. Ukipanga majibu hayo matatu utaupata umri wake, pengine kwa kukosea miaka michache. Lakini mfumo wenu hauna pahali pa kuandika jibu la namna hiyo.

Rais alipotangaza kule Wajir, Februari 2025, kwamba msasa wa vitambulisho, ule uchunguzi wa ziada kwa waombaji wa jamii za mpakani, umekwisha, tulishukuru. Tangazo hilo, hata hivyo, linamfaa anayeomba kitambulisho leo. Mwaka alioandikiwa bibi zamani uko palepale.

Halafu kuna vidole. Mtu aliyevuta kamba za visima na kukata miiba ya boma maisha yake yote, alama za vidole zimelika. Anaviweka kwenye mashine ya malipo, anaambiwa afute, ajaribu tena, aje kesho. Wote waliopanga foleni nyuma yake wanamjua, na chifu anamjua. Wakala anayelipa pesa pia anamjua, lakini mikono yake imefungwa.

Mtaniambia kuna mlezi anayeruhusiwa kumchukulia. Ni kweli, na mara nyingi mlezi huyo ni kijana ambaye kiangazi kikibana yuko fora, kambi ya mifugo ya mbali, na ngamia, siku kadhaa kwa miguu. Anayehama kufuata malisho hatakuwapo siku ya malipo, kwa hiyo kukosekana kwake kusichukuliwe kuwa dalili ya kifo au udanganyifu.

Wako wanaoona dawa ni kulipa kwa simu. Kwa mwenye simu na mtandao, sawa. Lakini bibi asiyesoma humpa mwenye duka namba ya siri, na pesa zikiingia, deni ndilo linalokatwa kwanza. Simlaumu sana mwenye duka, maana ukame ukija ndiye anayetukopesha unga na sukari. Nataka tu bibi aambiwe kimeingia kiasi gani kabla hakijatoka.

Katiba, Kifungu cha 43(3), inaitaka serikali iwape hifadhi wasioweza kujikimu. Cha 260 kinawataja wafugaji wanaohamahama kati ya jamii zilizotengwa. Na cha 47 kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi mtu yeyote aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi. Sijaona mashine ikitoa maandishi hayo, na ingeyatoa, bibi yetu angetaka asomewe kwa Kirendille.

Ninachoomba hakihitaji mtambo mpya. Vidole vikikataa, chifu na wazee wawili watie sahihi, mtu alipwe siku hiyohiyo, uchunguzi ufuate baadaye. Umri ukibishaniwa, ushahidi wa rika upokelewe kwenye baraza, hadharani, ambako ni vigumu kudanganya kwa sababu kila mtu anamjua mwenzake. Na jina lolote lisifutwe kabla afisa hajafika nyumbani kwa mhusika, na ikiwa boma limehama, alifuate liliko.

Wako,
Mkazi wa Laisamis