Kwa wahariri vijana: acheni kuvikata vitabu kwa hofu

Wanangu mlio kwenye meza za uhariri,

Nimeudhika, na sitaficha. Juzi nililetewa mswada wa riwaya ya kijana mmoja niutolee maoni. Sura nzima ya unyakuzi wa ardhi ilikuwa imepigwa kalamu nyekundu, na pembeni mhariri kaandika: "Hii itatuletea shida." Nikauliza, shida kutoka kwa nani? Hakuna aliyepiga simu. Hakuna barua ya wakili. Mhariri alijitisha mwenyewe!

Mnamjua marehemu Henry Chakava, mchapishaji wetu Mkenya aliyetutoka mwaka 2024? Mwaka 1980 alichapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ya Kikuyu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti. Ngũgĩ alikuwa ameachiliwa Desemba 1978, na kulitaja jina lake tu kulikuwa hatari. Chakava alipigiwa simu za vitisho, kisha akavamiwa na kujeruhiwa kwa panga. Kitabu kikatoka. Watu wakakisoma kwa sauti hadi kwenye baa, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Mwaka 1986 Chakava akatoa Matigari, riwaya nyingine ya Ngũgĩ, na mwaka uliofuata polisi wakazizoa nakala. Hata hapo hakufunga duka. Mwaka 1992 Heinemann Kenya aliyoiongoza ikawa East African Educational Publishers, mali ya Wakenya wenyewe.

Huyo hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mchapishaji wa vitabu vya shule kama nyinyi, mwenye mishahara ya kulipa kila mwisho wa mwezi. Basi msiniambie kwamba mnakata sura kwa sababu serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa vitabu vya shule. Alilijua hilo kabla hamjazaliwa.

Nyinyi mna Katiba ya 2010. Isomeni Ibara ya 33, ya uhuru wa kujieleza. Hailindi uchochezi wa ghasia, propaganda ya vita wala matamshi ya chuki. Riwaya kuhusu shamba lililoibwa haimo humo.

Lawama si zenu peke yenu. Jamii yetu husoma ili ipite mtihani, kisha inapiga kelele kitabu kipigwe marufuku kwa sababu ya ukurasa mmoja uliosambazwa kwenye simu. Wazazi, walimu, viongozi wa dini: kisomeni kwanza, jamani.

Mengine ni mafupi. Mswada unaotaja watu halisi ukaguliwe na wakili kabla ya kwenda kiwandani. Hifadhini ushahidi wa yaliyoandikwa juu yao. Mlipeni mwandishi mrabaha wake kwa wakati.

Na hofu ikiwashika, maana itawashika, mpigieni mwandishi kabla ya kugusa kalamu. Mwambieni waziwazi mnachokiogopa, mkae naye, mlitazame jambo hilo neno kwa neno. Mkiona kampuni haiwezi kulibeba, mrudishieni mswada wake mzima, bila kukata hata mstari, aupeleke kwingine.