Malalamiko kuhusu kisakinishi cha klasta kinachoficha makosa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KISAKINISHI CHENU CHA KUBERNETES

Tunalalamikia kisakinishi mlichotuuzia cha Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva (klasta). Kwenye seva 3 zenye containerd 1.7 (programu inayoendesha kontena, yaani vifurushi vya programu), kinawasha seva ya kwanza, kinasubiri, kisha kinaandika "Usakinishaji umeshindikana" na kunyamaza. Hakitaji hata faili la kwenda kusoma.

Ilibidi tulitafute kosa wenyewe kwa journalctl -u kubelet (kumbukumbu za kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye kila seva) na crictl ps -a (orodha ya kontena). Etcd (hifadhidata ya klasta) na kube-apiserver (lango la kuiamuru klasta) zinawaka, zinakaa kidogo, zinazimwa, zinawaka tena. Poti 6443, ya kube-apiserver, nayo inakataa muunganisho. Chanzo ni mstari mmoja tu. Tangu toleo la 1.22, kubeadm, zana ya kuanzisha klasta, huipangia kubelet itumie systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kusimamia cgroup (mgao wa CPU na RAM), lakini /etc/containerd/config.toml inayoandikwa na kisakinishi chenu ina SystemdCgroup = false, yaani containerd haimtumii systemd. Rasilimali zilezile zinabaki na wasimamizi wawili wasioonana. Tulipoweka true na kuwasha upya containerd, kisha kubelet, klasta ilitulia. Mwongozo wenu haugusi jambo hili popote.

Kilichotuudhi zaidi ni jibu la mafundi wenu: "Futeni vyote, muanze upya." Huo ni ushauri wa hatari. Kwenye seva kuu (inayoongoza klasta), kubeadm reset, amri ya kuondoa usakinishaji, hufuta data ya etcd iliyo hapo, ila haigusi /etc/cni/net.d (mipangilio ya mtandao wa kontena) wala kanuni za iptables (za kuchuja na kuelekeza mtandao). Mwenye seva kuu moja akiufuata, anapoteza klasta yake nzima, na mabaki ya mtandao wa zamani yanaisubiri ile mpya. Jibu kama hilo halipaswi kumfikia mteja kabla ya kumuuliza kama ana nakala ya etcd.

Kuna na tokeni ya kujiunga, yaani msimbo wa siri wa kuingiza seva mpya kwenye klasta. Muda wake wa kawaida ni saa 24, hivyo seva ya tatu, iliyoongezwa siku ya pili, ilikataliwa. Ujumbe wenu ukasingizia mtandao, tukakagua ngome-moto bure. Dawa yake ni amri moja: kubeadm token create --print-join-command.

Tunataka, ndani ya siku 14, toleo linalokagua swap (diski inayotumika kama RAM), br_netfilter (moduli ya Linux ya mtandao wa kontena) na SystemdCgroup kabla ya kuanza, na linaloonyesha mistari ya mwisho ya kubelet linaposhindwa. Jibu lile la "futeni vyote" liondolewe leo. Tumeambatisha kumbukumbu za seva zote 3.

Wenu,
Mafundi wa Seva