Kabla ya kununua tabo, jua gari lako litaingia daraja lipi

Mhariri,

Mashindano ya ridhaa ya magari ya kupanda mlima yanawavutia vijana wengi wa Nairobi kwa sababu hayadai gharama za mbio ndefu. Hakuna msoma-ramani, njia ni fupi, na gari linalokupeleka kazini Jumatatu linaweza kushindana Jumapili. Magari huondoka moja moja, kila moja likishindana na saa. Lakini mambo yanapoharibika, mara nyingi huharibikia kwenye meza ya ukaguzi kabla hata injini haijawashwa. Dereva hufika akijua yumo katika daraja la 1600 (injini isiyozidi cc 1600, yaani sentimita za ujazo), akaambiwa gari lake ni la 2000. Mwingine huja na gari la barabarani, akapangwa pamoja na magari yaliyong'olewa viti na mazulia. Hasira zote humshukia mkaguzi, ilhali kosa lilifanyika miezi kadhaa nyuma, fundi alipoambiwa "tia hii" bila yeyote kufungua kitabu cha kanuni.

Sisi tunaojenga na kukagua magari haya tuna ombi moja kwa madereva: chagueni daraja kwanza, ndipo mnunue spea.

Kanuni nyingi hulipanga gari kwa maswali mawili. La kwanza ni limebadilishwa kiasi gani. Hapo hutokea makundi, kwa kawaida matatu: magari ya barabarani, magari yaliyoboreshwa, na kundi huru ambamo karibu kila kitu kinaruhusiwa mradi masharti ya usalama yatimizwe. Swali la pili ni ujazo wa injini, na mipaka inayotumika sana ni ile ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari: cc 1400, 1600, 2000, 2500 na 3000. Watu hulikumbuka hili la pili na kulisahau la kwanza, ambalo ndilo kali zaidi. Badiliko moja tu, lile lililo kubwa kuliko mengine yote, ndilo linaloamua kundi. Corolla yenye kila kitu cha kiwandani isipokuwa kamshafti kali (shafti inayofungua vali) haihesabiwi kuwa karibu ya kawaida. Imeshaingia kundi la magari yaliyoboreshwa, na huko itakutana na wenzake waliobadilisha kamshafti, kabureta, giaboksi na difu. Ndiyo maana gari lililoguswa kidogo mahali pasipofaa huwa na wakati mgumu kuliko gari lisiloguswa kabisa. Kama umeamua kuvuka mpaka wa kundi, vuka na mzigo kamili.

Jambo la pili la kushika ni namna ya kuisoma kanuni yenyewe. Katika makundi yaliyobanwa, kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Kitabu kikinyamaza kuhusu springi za boneti au bomba la hewa, kunyamaza huko si ruhusa. Katika kundi huru mambo yamegeuka: unafanya utakalo isipokuwa lililokatazwa. Wengi husoma ukurasa wa kundi lao kwa mazoea ya kundi huru, na hapo ndipo wanapoponzwa.

Sasa tuje kwenye ujazo, ambako hesabu ndogo huokoa pesa nyingi. Ujazo hupatikana hivi: kipenyo cha silinda mara kipenyo, mara 0.7854, mara urefu wa mwendo wa pistoni, mara idadi ya silinda, vipimo vyote vikiwa katika sentimita. Injini ya Toyota 4A-GE ina kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa milimita 77. Yaani 8.1 × 8.1 × 0.7854 × 7.7 × 4, jibu 1587. Imo ndani ya 1600 kwa raha. Lakini injini nyingi tunazopata hapa zimetumika, silinda zimelika, na fundi wa mashine pale Kirinyaga Road atakushauri kuzipanua na kutia pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za kiwandani. Ukitia ovasaizi ya milimita 0.25, unapata 1597. Bado uko salama. Ukitia ya 0.50, unapata 1607, na gari lako limehamia daraja la 2000 kwa sababu ya nusu milimita. Injini ya Honda B16 ni mbaya zaidi. Kipenyo ni 81 vilevile, lakini mwendo ni 77.4, hivyo ikiwa mpya ina 1595, na ovasaizi ya 0.25 pekee huifikisha 1605. Injini hiyo haina nafasi hata ya upanuzi wa kwanza. Silinda zikilika, dawa ni kutia silivu mpya (kuta za ndani za silinda) na kuzirudisha kwenye milimita 81 kamili, hata kama gharama inauma. Kanuni za Kundi A za FIA ziliruhusu kupanua kipenyo hadi milimita 0.6, lakini kwa sharti kwamba mpaka wa daraja usivukwe, na sharti hilo ndilo husahaulika.

Mdai fundi wa mashine karatasi yenye vipimo vya kila silinda, juu, katikati na chini, kwa pande mbili, vilivyochukuliwa bloki ikiwa baridi. Kusema "ni 0.25, boss" hakutoshi. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako siku mwenzako atakapoweka pingamizi.

Kuna dhana inayozunguka gereji nyingi kwamba kukwangua silinda hedi kunabadilisha cc. Hakubadilishi. Ujazo wa daraja ni ule unaofagiwa na pistoni tu. Kinachobadilika ni uwiano wa mbano, yaani mara ngapi pistoni inaibana hewa ya silinda, na huo una kanuni yake. Chukua 4A-GE hiyohiyo: silinda moja hufagia karibu cc 397. Kama nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni cc 42, uwiano ni 10.4. Ukikwangua nusu milimita, nafasi hiyo hupungua kwa karibu 2.5, na uwiano hufika 11. Katika kundi la barabarani hilo laweza kukutoa, na mkaguzi hahitaji kufungua injini yote. Anamimina mafuta kwa bureti, mrija wenye vipimo, na kusoma. Krenkshafti yenye mwendo mrefu zaidi ndiyo inayobadilisha cc, pamoja na uwiano.

Tabo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini kwa nguvu ya moshi wa ekzosi, ndiyo chanzo cha kelele nyingi zaidi. Katika kanuni za FIA, injini ya petroli yenye tabo au sapachaja (kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe) huhesabiwa kwa kuzidisha ujazo wake mara 1.7, ya dizeli mara 1.5. Toyota Starlet ya cc 1331 isiyo na tabo hukaa daraja la 1400. Starlet GT yenye tabo, bodi ileile na ujazo uleule, huhesabiwa 2263 na kupelekwa daraja la 2500. Injini ya Subaru EJ20 yenye tabo, ya cc 1994, huwa 3390, na ile 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution, cc 1997, huwa 3395. Zote mbili ziko juu ya 3000. Kwa hivyo anayechukua Subaru Impreza ya 1500 na kuitia injini ya tabo ya WRX asijidanganye kwa logbuku. Kwanza, kubadilisha injini kunapaswa kusajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Pili, mkaguzi hasomi logbuku, anasoma namba iliyopigwa kwenye bloki. Injini za rota, zisizo na pistoni, kama ya Mazda RX-8, zina hesabu yake ya pekee, na cc 1308 za kwenye karatasi hazitumiki zilivyo.

Hapa tunataka kusema na waandaaji, kwa heshima, kwa sababu Nairobi si Mombasa. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukipanda hadi Limuru umefika mita 2,200 au zaidi. Kwenye mita 1,700 shinikizo la hewa limepungua kwa takriban asilimia 18, na Limuru kwa takriban asilimia 23. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ya cc 1600 hapa hupumua kama ya 1300 ya pwani. Tabo inayosimamiwa na kompyuta ya injini huongeza mzunguko na kurudisha karibu hewa yote, ikiwa haijafika ukomo wake. Hata tabo ya zamani yenye vali ya kawaida ya kupunguza shinikizo hupoteza kidogo tu: ikisukuma baa moja (kipimo cha shinikizo) juu ya hewa ya nje, pwani injini hupata baa 2, hapa hupata 1.82, pungufu ya asilimia 9. Matokeo yake, kizidishi cha 1.7 kinazipendelea injini zenye tabo katika kila mlima wetu wa bara. Ukigawanya 1.7 kwa 0.82 unapata karibu 2.07. Tunapendekeza waandaaji wa mashindano ya ridhaa watumie 2.0 kwa petroli, au watenge daraja la tabo pekee. Athari za hewa nyepesi si mambo ya kubahatisha. Kwenye mlima wa Pikes Peak kule Marekani, ambako mbio zilianza 1916 na kumalizikia mita 4,302, gari lililoweka rekodi ya dakika 7 na sekunde 57.148 mwaka wa 2018 lilikuwa la umeme, Volkswagen ya Romain Dumas. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuchomea chochote.

Njia nyingine ya kuizuia tabo ni pete ya kubana hewa. Magari ya Rally2, daraja la kimataifa la rali, yenye injini za 1600 za tabo, hutumia pete ya milimita 32. Pete ina maana tu ikiwa hewa yote inapita ndani yake. Kanuni za FIA hutaka iwe si zaidi ya milimita 50 kabla ya mapanga ya tabo, na ifungwe kwa lakiri. Pete iliyotiwa mbali kwenye bomba la mpira ni mapambo.

Kuhusu tairi, soma ubavuni. Namba ya uchakavu, inayoonyesha tairi inavyochelewa kulika, ya 200 au zaidi ni mpaka unaotumiwa na vyama kadhaa kwa magari ya barabarani. Tairi yenye maandishi kwamba ni ya mashindano pekee hukutoa kundini hata kama ina meno. Kuhusu uzito, usitegemee mizani ya malori, kwa kuwa nyingi hupima kwa hatua za kilo 10 au 20, na kilo 15 zinatosha kukufelisha. Soma pia kama uzito wa chini wa daraja unamhesabu dereva na mafuta.

Kizimba cha usalama, yaani fremu ya mabomba ndani ya gari, hakikupandishi kundi katika kanuni nyingi, kwa hiyo hakuna sababu ya kukiogopa. FIA inataka upinde mkuu uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Bomba la maji la duka la vifaa vya ujenzi lina mshono na halifai, hata likipakwa rangi vizuri. Fundi akikuambia ni sawa, tafuta fundi mwingine.

Mwisho, tunawaomba waandaaji watoe fomu ya ukurasa mmoja wiki tatu kabla ya mashindano, ambamo dereva ataandika namba ya injini, kipenyo na mwendo wa pistoni, aina ya tabo, kila kilichobadilishwa, namba iliyo kwenye tairi, na daraja analodai, kisha atie sahihi. Fomu zote zibandikwe mahali wote watakapoziona asubuhi ya mashindano. Pingamizi liandikwe na kulipiwa ada ndani ya dakika 30 tangu matokeo ya awali yabandikwe, kama kanuni ya kimataifa inavyosema, na atakayeshindwa agharamie kufungua na kufunga injini. Bila fomu hiyo, mkaguzi huanza kutafuta tofauti gari likiwa tayari limeshinda.

Mafundi na wakaguzi wa magari ya mashindano,
Eneo la Viwandani, Nairobi