Mheshimiwa Msajili, tuambieni kwanza hela inahesabiwaje

Mheshimiwa Msajili,

Salaam na pole na majukumu. Naandika hadharani maana nimechoka kuongea na dirisha la masijala ya mahakama, na najua siko peke yangu.

Aliyewahi kudai haki yake analijua lile swali la kwanza ukifika kaunta, unadai kiasi gani? Sio nani kakudhulumu, sio una ushahidi gani, kiasi gani. Na sababu naielewa, madai madogo yaende mahakama ya chini yenye ada nafuu na utaratibu mfupi, makubwa yapande kwa majaji wenye muda wa kuyachambua. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba mnatuuliza namba ambayo hamjatuonyesha namna ya kuipata.

Deni lenyewe ninalomdai mtu lilikuwa chini ya kikomo, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho mahakama ya chini inapokea, ila ukiweka riba ya muda wote alionizungusha yule bwana linavuka kidogo tu. Dirisha la kwanza wakajumlisha riba, wakaniambia hii sio yetu, panda juu. Nikapanda. Huko juu wakaitoa riba wakasema mbona ndogo hii, shuka. Yaani hela ile ile, karatasi ile ile, kila ghorofa na hesabu yake, na siku za ukomo wa kufungua kesi zinakatika tu mimi niko kwenye ngazi.

Wengine wameliandika hili wakamaliza. Marekani, watu wa majimbo tofauti wakitaka kushtakiana mahakama ya shirikisho kwa sababu hiyo ya kutoka majimbo tofauti, dai lazima lizidi dola 75,000 bila riba wala gharama za kesi, na neno ni lizidi, ukidai 75,000 kamili umekwama mlangoni. Umoja wa Ulaya una utaratibu wake wa madai madogo ya kuvuka mipaka, mwisho yuro 5,000, riba na gharama hazimo. Mtu anakaa nyumbani na kikokotoo anajua aende wapi.

Halafu vikomo vyenyewe vinazeeka jamani. Hiyo ya Marekani imesimama pale pale tangu 1997, wakati Ulaya walitoka 2,000 wakaenda 5,000 mwaka 2017, na Kenya mwaka 2020 wakapandisha madai madogo kutoka shilingi 200,000 hadi 1,000,000. Kikomo kisipoguswa na hela inashuka thamani, dai la mtu wa kawaida linasukumwa mahakama ya gharama wakati hasara yake ni ile ile.

Na ndio hapo watu wanaanza kujikata wenyewe. Afrika Kusini unaruhusiwa kuachilia kinachozidi randi 20,000 ili uingie mahakama ya madai madogo, sawa, ila ulichoachilia ndio kimekwenda, hukirudii. Huo ni uamuzi mzito, mtu asiufanye amesimama kwenye foleni huku karani anagonga kalamu. Wengine wanawaza wagawe deni moja liwe kesi mbili, hawajui kwamba huo ujanja kwa kawaida sheria inaukataa. Na anayetaka tu jirani aache kuziba njia, hapo kiasi gani aandike? Nimeona watu wanabuni namba ili fomu isibaki wazi.

Sasa ombi langu Mheshimiwa ni karatasi moja ibandikwe mlangoni, lugha ya kawaida: kikomo ni hiki, riba inahesabiwa au haihesabiwi, gharama je, mdaiwa akileta dai lake kubwa kuliko langu tunaenda wapi, na kesi isiyo ya hela inathaminiwaje. Na mtu akikosea mlango faili lihamishwe na tarehe yake ya kwanza, lisitupwe akaanza upya.

Hati yangu bado ninayo, ina mihuri miwili ya "imerudishwa". Mkitaka kuiona nitaileta, niambieni tu ghorofa ya ngapi.

Wenu,
Mdai aliyechoka ngazi