Barua kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa timu

Mdogo wangu,

Tangu tulipoongea kwenye simu juzi, kauli yako moja haijanitoka: "Wananichosha. Kila kitu lazima waje kuniuliza mimi." Nami niliwahi kuisema hivyo hivyo, mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza watu. Ilinichukua muda kukubali kwamba walikuwa wanakuja kwa sababu nilikuwa nawajibu. Mtu hajamaliza sentensi, mimi nimeshampa dawa.

Kulikuwa na binti aliyechelewesha ripoti kila mwezi. Nikamfundisha kupanga muda. Nikampa ratiba yangu aifuate, nikamhimiza aanze mapema. Alinishukuru kwa adabu kila mara, na ripoti ikaendelea kuchelewa. Mwezi wa nne, nikiwa nimeishiwa la kumshauri, nikamwambia: "Hebu nieleze, siku ya kuandaa ripoti huwa inakwendaje?"

Akanieleza. Takwimu alizozitegemea zilikuwa zinamfikia jioni ya siku ya mwisho, kutoka idara nyingine, na yeye hakuona kama ana mamlaka ya kuwashitaki waliomzidi cheo. Muda wake alikuwa anaupanga vizuri kuliko mimi. Miezi mitatu nilikuwa namtibu ugonjwa asiokuwa nao! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi viongozi tunapenda sana kunyunyizia dawa vitanda vya wenzetu.

Kwa hiyo mtu akija na tatizo, usiliamini haraka. Linalotangulia kutajwa mara nyingi ni lile lililo rahisi kutajika. Muulize, "Na kingine?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana ukimya wa sekunde chache utakuwasha ulimi. Uvumilie. Lenye uzito hutoka baada yake.

Ila chunga neno "kwa nini". Taiichi Ohno wa Toyota aliwafundisha watu wake kuliuliza mara tano. Mashine imesimama kwa kuwa fyuzi imeungua. Imeungua kwa kuwa mashine ilizidiwa, na ukizidi kufuata unakuta pampu ya mafuta haina kichujio, chembe za chuma zimeingia. Bila hayo maswali ungebadilisha fyuzi kila siku. Lakini mashine haina moyo. Mtu ukimuuliza "kwa nini ulifanya hivi?" anasikia mashitaka, anaanza kujitetea, na wewe hujifunzi kitu. "Ilikuwaje?" inatosha.

Na usiuvishe ushauri joho la swali. "Hujafikiria kumwandikia mteja?" ni amri tu, na wanaijua. Uliza lile ambalo kweli hulijui jibu lake.

Sisemi uwe bubu. Anayetaka kujua nenosiri la mfumo mpe nenosiri, usimhoji. Jambo la hatari likitokea, toa maelekezo waziwazi.

Timu ikiwa kimya, usifurahi upesi. Miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini, akitarajia kuwa timu bora zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kuyasema makosa yao, kwingine yalifichwa. Ndiyo maana nakusihi juu ya jambo hili: watu wako wakizoea kuwa hutawasikiliza, wataacha kukuletea hata yale unayoyahitaji sana.

Jambo la mwisho linanihusu mimi. Juzi, ulipotaja kuchoka, ulianza kusema, "Lakini kinachonisumbua hasa..." nami nikakukatiza kwa mawaidha. Ukanyamaza, ukaniaga. Naomba unisamehe. Nitakupigia Jumapili jioni. Ulitaka kusema nini?

Kaka yako