Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Uchaguzi wa Viranja

Kwa wazazi na walezi wetu,

Salaam. Ripoti ya mtoto na hesabu ya karo zimo katika bahasha hii. Nataka tuzungumze jambo moja: uchaguzi wa viranja, wiki ya tatu ya muhula ujao. Darasa la 7 wanaingia katika mtihani wa PLE, yaani wa kumaliza shule ya msingi, hivyo Darasa la 6 ndio watakaopokea madaraka.

Kura itakuwa ya siri. Hatutapanga mstari nyuma ya mgombea kama ilivyokuwa hapa Uganda kwenye uchaguzi wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa 2018. Mtoto wa miaka minane akiambiwa apange mstari, kwanza hutazama rafiki yake mkubwa amesimama wapi. Aliyeshindwa naye huwaona wote waliomkimbia, na kisasi kinahamia uwanjani. Kibanda chetu ni meza iliyozungushiwa kitenge pande tatu, na mwalimu wa darasa hasogei karibu nacho. Kwa Darasa la 1 na la 2, kila jina lina picha: kikombe, ngoma, mwavuli. Picha hugawanywa kwa bahati nasibu, na haiwekwi picha ya kitu cha kuliwa, maana wadogo hulipigia kura embe, si mgombea.

Karatasi huhesabiwa kwanza zikiwa zimekunjwa, zikalinganishwa na alama za waliopiga kura katika rejesta. Ikizidi hata moja, darasa hilo linarudia. Kisha kila karatasi huinuliwa juu mawakala wa wagombea waione. Yenye vema mbili imeharibika. Vema iliyotoka kidogo nje ya kisanduku inahesabiwa, kwa kuwa nia ya mpiga kura inaonekana.

Nawasihi sana, msinunue peremende, fulana wala mabango ya kuchapisha. Kila mgombea atapewa karatasi mbili za manila na dakika tatu za kusema asubuhi mstarini. Aahidi kilicho mikononi mwake. "Nitahakikisha dumu la kunawia lina maji kabla ya mapumziko" ni ahadi inayopimika. Nyama kila siku si ahadi ya kiranja.

Na kiranja hashiki fimbo. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yamekataza viboko shuleni. Haiwezekani mwalimu akatazwe halafu mtoto mwenzake aruhusiwe.

Baada ya kura, baraza la wanafunzi litakutana kila Ijumaa ya pili kwa dakika 40, wajumbe wawili kila darasa, msichana na mvulana, ajenda zisizozidi tatu. Hapa ndipo shule nyingi hushindwa. Mtoto anaandika kwamba uji unafika umepoa, anatia karatasi katika sanduku la maoni, wiki nne zinapita bila jibu. Haandiki tena, na wenzake wanajifunza kwake. Kwa hiyo tutabandika ubaoni safu tatu: mlichoomba, jibu, na nani atalifanya lini. "Hapana" yenye sababu ni jibu. Linalohitaji fedha litapelekwa kwa Kamati ya Uongozi wa Shule. Hakuna atakayetafuta kujua mwandiko ni wa nani. Mwalimu mlezi husoma karatasi zote kwanza, kwani habari ya mtoto aliyepigwa au kuguswa vibaya haipelekwi barazani. Hata nyumbani, kwa jambo kama hilo, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Uganda iliuridhia 1990, unataka katika kifungu cha 12 maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kusikilizwa si kuamua yote: ratiba ya PLE haipigiwi kura.

Likizoni, mtoto akisema anataka kugombea, muulize: ungebadilisha nini kimoja shuleni, na utamwomba nani? La pili likimshinda, mkalitafute pamoja.

Tunahitaji pia ndoo saba za lita 20 za kuwa masanduku ya kura, moja kwa kila darasa. Tutaazima, hatutatoboa ndoo yenyewe. Mifuniko ya kutoboa tundu tunayo. Zitarudishwa jioni ya siku ya kura.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu